Uongeze Hela Upate Laptopu Yenye Kadi ya Grafiki, au Uache?

"Dada, hii milioni moja na laki saba, ile milioni mbili na nusu, na kwa macho ni mapacha. Laki nane nzima ya nini?"

Ya kadi ya grafiki, yaani chipu ya pembeni ya kuchora picha za skrini, yenye memori yake yenyewe. Nauza na kutengeneza laptopu Kariakoo, na swali hilo nimelijibu mpaka nimejiwekea utaratibu. Nauandika hapa kwa yeyote anayetaka kununua laptopu mpya na ameambiwa akiongeza kiasi fulani atapata "yenye kadi". Au shemeji yake yuko Marekani, ameingia kwenye tovuti ya kampuni, anauliza kwenye WhatsApp achague ipi. Wapo wauzaji watakaokwambia chukua tu, haiozi. Mimi nikijua kazi yako ni Excel na barua pepe, nakwambia bakiza hela yako, ingawa faida yangu imo kwenye ile ya bei kubwa. Ila wapo pia ambao nawagomea kabisa wakitaka kuchukua ya bei ndogo, kwa sababu najua watarudi baada ya miezi mitatu kuuliza kama naweza "kuwawekea kadi". Siwezi, na tuanzie hapo.

Kadi haiongezwi baadaye

Kwenye kompyuta ya mezani kadi ni kifaa unachochomeka na kuchomoa. Unaanza bila kadi, mwakani ukipata hela unanunua, unafungua boksi, unaipachika, basi. Watu wengi wanakuja dukani na picha hiyo kichwani. Kwenye laptopu chipu ya grafiki imechomelewa kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa mashine) kwa vijidoa vingi vya lehemu vilivyojificha chini yake, memori zake zimechomelewa pembeni, na bomba za shaba za kupozea zimepindwa kufuata ubao huohuo. Laptopu iliyotoka kiwandani bila kadi haina hata nafasi ya kuiweka.

Kuna za kipekee, na nazitaja ili mtu asije akakudanganya nazo. Zamani zilikuwepo mashine nzito za wahandisi, kama Dell Precision M4800 na HP ZBook 15 za vizazi viwili vya mwanzo, zenye kadi ya kupachika ya mtindo unaoitwa MXM. Bado zinaonekana kwenye mizigo ya mtumba, lakini umri wake umeshakwenda na kadi zake ni za enzi hizo. Siku hizi ipo Framework Laptop 16, iliyoanza kuwafikia wanunuzi 2024, ambayo sehemu ya kadi inatoka nyuma kwa skrubu chache, na 2025 kampuni ikatangaza kadi mpya ya kupachika kwenye mashine ileile. Ni kitu kizuri sana. Ila dukani kwangu haijawahi kuletwa, na ukiiagiza mwenyewe jiandae na ushuru.

Njia nyingine ni kasha la nje: unanunua kadi ya mezani, unaiweka kwenye kasha lenye umeme wake, unaliunganisha na laptopu kwa waya wa Thunderbolt. Linafanya kazi, ila kasha peke yake lina bei, kadi ina bei, waya unapunguza kasi, na vyote vinakaa mezani. Aliyefika huko angenunua kompyuta ya mezani na laptopu ya bei nafuu, na chenji ingebaki.

RAM (memori ya mashine) na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ni habari nyingine. Laptopu nyingi zina nafasi ya kubadilisha SSD, na nyingi zenye kadi zina nafasi mbili za RAM. Hapo ndipo unapopata kanuni ya bajeti: kisichobadilika kinunuliwe leo, kinachobadilika kinaweza kusubiri. Mwenye hela kidogo na kazi inayohitaji kadi kweli, namwambia achukue yenye kadi na RAM ya GB 8, akipata hela arudi tuongeze kipande cha pili. Asichukue GB 32 bila kadi kwa matumaini. Jambo moja tu la kuangalia kabla: kwenye sifa za mashine ukiona RAM imeandikwa LPDDR, kwa kawaida hiyo nayo imechomelewa. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Pima kazi yako kwenye mashine uliyonayo

Watu hununua kadi kwa kuwa laptopu ya sasa ni nzito, inajikokota. Uzito una sababu nyingi, na kadi mara nyingi haimo. Windows yenyewe itakwambia, bure. Fungua kazi inayokusumbua, ile hasa, siyo ya majaribio. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Performance, kisha endelea na kazi yako huku ukiangalia michoro inavyopanda na kushuka: prosesa (ubongo wa mashine), memori, diski na GPU, yaani chipu ya grafiki.

Alikuja kijana anayepiga video za harusi, begi mgongoni, kashaandaa na hela ya laptopu yenye kadi. Nikamwambia, "Kaka, washa hiyo ya zamani kwanza, nifungulie harusi ya mwisho uliyohariri." Ilikuwa na prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, na diski ya zamani ile inayozunguka. Akafungua mradi, tukasubiri. Akasogeza kishale kwenye sehemu ya bibi harusi anaingia ukumbini, picha ikaganda, sauti ikatangulia. Nikamgeuzia skrini. Memori imefika asilimia 94. Diski imesimama kwenye 100, haishuki. GPU inachezea chini ya 15.

"Kadi unayotaka kununua ingekaa hapa haina kazi," nikamwambia. "Mashine imeishiwa memori, inaazima nafasi kwenye diski, na diski yenyewe ndiyo hiyo inakoroma."

Tukaweka SSD na kipande kingine cha RAM. Hela iliyobaki akanunua lenzi. Simaanishi hakuhitaji kadi milele, nitarudi kwenye video hapa chini, lakini tatizo lake la siku ile halikuwa kadi.

Michoro isomeke hivi. Prosesa ikigonga 100 na GPU imetulia, unahitaji prosesa nzuri zaidi. Memori ikipita 90 na diski ikifuatia juu, unahitaji RAM. GPU ikikaa 95 na kuendelea kwa muda mrefu huku vingine vinapumua, hapo ndipo laki nane yako ina kazi ya kufanya. Na kama hakuna kinachofika hata nusu lakini mashine bado nzito, angalia joto, angalia vumbi kwenye feni, angalia virusi. Usije dukani kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo wateja wangu wengi hawalijui, na limewaokolea hela nyingi. Prosesa za Intel za kizazi cha kumi na moja na baadhi ya zilizofuata zina grafiki ya ndani iitwayo Iris Xe, ambayo ni nzuri tu kwa kazi za kawaida na gemu nyepesi. Lakini haina memori yake, inaazima RAM ya mashine, na inataka RAM iingie kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa na kipande kimoja tu, mashine ileile itajiandika UHD na itafanya kazi kinyonge. Pachika kipande cha pili, washa, fungua ukurasa uleule wa Performance: jina limebadilika kuwa Iris Xe, na gemu iliyokuwa inakatakata imelainika. Mteja akiona jina limebadilika mbele ya macho yake hudhani nimefanya uchawi. Nimefungua skrubu tu.

Kazi kwa kazi

Mhasibu, mwalimu, mwanasheria, mwandishi, mwenye duka anayetumia programu ya stoo, mwanafunzi anayeandika tasnifu, anayetengeneza tovuti: hapana. Weka hela kwenye skrini nzuri na SSD kubwa. Hata Photoshop ya matangazo na mabango huenda vizuri bila kadi, mradi RAM ifike 16.

Video ndiyo yenye mjadala. Kila mtu anaamini video ni kadi, na ni kweli nusu. Kuhariri kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kufumbua faili la kamera ili ulione likicheza, ya pili ni kupaka rangi, kuweka madoido na kutoa kazi iliyokamilika. Kufumbua kunafanywa na kipande maalumu ndani ya chipu, na Intel wanacho kwenye grafiki yao ya ndani tangu 2011, wanakiita Quick Sync. Kwa hiyo anayehariri video za simu kwenye CapCut au Premiere, za dakika chache, za kupandisha Instagram na YouTube, laptopu ya kawaida ya Intel ya miaka ya karibuni yenye RAM ya GB 16 itambeba.

Sasa sikiliza, wewe mwenye Sony A7 IV au kamera ya kundi hilo. Ukirekodi kwa H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, kadi za kampuni ya Nvidia za kundi la RTX 30 na RTX 40 haziwezi kulifumbua faili hilo. Grafiki ya ndani ya Intel ya kizazi cha kumi na moja kwenda mbele inaweza. Nvidia wenyewe wameliongeza kwenye RTX 50, zilizotoka 2025. Ndiyo maana utamkuta mtu na laptopu ya mamilioni, RTX 4060, ya kundi hilo la 40, imo ndani, na picha inakwama kama kawaida, halafu anailaumu programu. Mwenye kamera hizo namwambia aangalie kwanza prosesa iwe Intel, ndipo tuzungumze kadi. Kadi utaihitaji ukianza kupaka rangi kwa uzito kwenye DaVinci Resolve, programu inayoegemea kadi kuliko nyingi, kuondoa chengachenga za gizani na kurundika madoido. Huko utaiona inavyofanya kazi, na utafurahi.

Wanafunzi wa usanifu majengo, hasa wanaokuja kutoka Chuo Kikuu Ardhi, huja na orodha ya programu wameandika kwenye simu. Orodha hiyo naigawa mara mbili. AutoCAD, ArchiCAD, Revit na SketchUp wakati wa kuchora zinategemea zaidi kasi ya prosesa na RAM. Kadi ndogo inatosha, na michoro ya kawaida ya pande mbili haiihitaji kabisa. Lumion, Twinmotion, Enscape, zile za kurenda picha nzuri za kumwonyesha mteja nyumba yenye miti na jua la jioni, hizo bila kadi usijisumbue. Memori ya kadi ndiyo inayoamua: mradi mkubwa wenye miti mingi ukijaza GB 4, programu inakwama au inajifunga. Kwa hiyo swali langu kwa mwanafunzi ni moja: "Mdogo wangu, kurenda mmeanza?" Mwaka wa kwanza wengi wanajibu bado. Lakini kwa kuwa kadi haiongezwi baadaye, na masomo ni ya miaka kadhaa, hawa ndio nawagomea kuchukua ya bei ndogo. Nunua ya mwaka wa mwisho ukiwa mwaka wa kwanza, kama mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, ziko ZBook na Precision za mtumba, mpya kuliko zile za MXM, zenye kadi ya Quadro T1000 au T2000 za GB 4, zilizotoka maofisini Ulaya, na bei zake huwa za kibinadamu.

Gemu. Anayecheza eFootball na GTA V jioni akitoka kazini hahitaji kadi kubwa. GTA V ni gemu ya 2013, kwenye kompyuta ilifika 2015, na grafiki za ndani za leo zinaibeba ukishusha ubora kidogo. Prosesa za AMD, mshindani wa Intel, zenye grafiki ya ndani ya Radeon 680M au 780M zinacheza vitu vingi bila kadi ya pembeni kwa namna inayonishangaza kila nikijaribu. Lakini anayetaka gemu mpya, kubwa, kwa ubora wa juu na skrini ya hezi 144, huyo nimuuzie kadi bila maneno mengi.

Anayesoma akili mnemba na mambo ya data, ajue programu nyingi za fani hiyo zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi zake, hivyo kadi ya AMD itamtesa. Na ajue vilevile kwamba Google Colab, huduma ya kutumia kompyuta za Google kwa mtandao, inagawa bure, kwa vipimo, kadi ya T4 yenye memori ya GB 16, kubwa kuliko ya laptopu nyingi nitakazomuuzia. Kama intaneti yake si mbaya, aanzie huko.

Ukishaamua kuchukua yenye kadi

Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kuibiwa, maana kila kilichoandikwa kwenye boksi ni kweli.

Jina la kadi halitoshi. RTX 4070 ya mezani ina memori ya GB 12 na inakula wati 200. RTX 4070 ya laptopu ina GB 8, na chipu yake ni ndogo zaidi. Jina moja, vitu viwili. Halafu hata kati ya laptopu na laptopu hazifanani: Nvidia wanawaachia watengenezaji wachague umeme wa kuipa kadi, na kwa RTX 4050, 4060 na 4070 uwanja huo unaanzia wati 35 hadi 115. Laptopu nyembamba inayopendeza itapewa kidogo kwa sababu haina pa kutolea joto. RTX 4060 iliyobanwa kwenye wati 45 inaweza kuachwa nyuma na RTX 4050 iliyoachiwa wati 100, na bado ya kwanza ikauzwa ghali zaidi. Ni kama kununua basi la injini kubwa lililofungwa kidhibiti mwendo.

Kwa hiyo uliza wati. Muuzaji asipojua, na wengi hatujali kujua, mwombe awashe mashine, afungue paneli ya Nvidia, aende kwenye taarifa za mfumo: utaona mstari unaotaja kiwango cha juu cha umeme wa grafiki. Kama unaagiza nje, tovuti ya mtengenezaji huwa inaandika kwa maandishi madogo chini kabisa. Mwambie shemeji ashuke mpaka huko.

Cha pili ni memori ya kadi. Kwa laptopu unayotaka ikae miaka minne au mitano, GB 4 leo ni kidogo. RTX 2050 na RTX 3050 za mwanzo ziko hapo, na ndizo utakazowekewa mbele sana kwa sababu bei yake inavutia. MX450 na MX550 zina GB 2. Tofauti yake na grafiki nzuri ya ndani ya sasa ni ndogo mno, hizo mimi siziongezei hata elfu hamsini. GB 6 inabeba, GB 8 ndiyo sehemu ya kutulia.

Na kutulia namaanisha kutulia. Kutoka 4060 kwenda 4070 kwenye laptopu unalipa hela nyingi, unabaki na GB 8 zilezile na njia ileile ya memori, unaongeza kasi kidogo. Zilipotoka za RTX 50 mambo yakawa yaleyale: 5060 na 5070 zote zimekuja na GB 8, kuruka kwa maana ni 5070 Ti yenye 12. Mteja akiniuliza "ya kati" naona bora achukue ya chini yenye wati nyingi, tofauti aitie kwenye RAM.

Gharama ambazo hazimo kwenye risiti

Laptopu ya kawaida inachajiwa kwa chaja ya wati 65, unaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Yenye kadi ya maana inakuja na tofali la wati 180 au 230. Unalibeba kila siku, kwenye mwendokasi, umesimama. Umeme ukikatika, ile inveta ndogo ya kwenye gari ya wati 150 haiwezi kulibeba tofali hilo, na ukiwa na sola ndogo nyumbani itabidi uhesabu upya. Betri nayo isikupumbaze. Betri za laptopu, hata zile kubwa, huishia chini kidogo ya saa-wati 100, kwa sababu mashirika ya ndege yanaruhusu mpaka hapo bila kibali maalumu. Mashine ikivuta wati 100 kwa kazi, saa moja haiishi. Nyingi hujipunguza zenyewe zikitoka kwenye umeme, hivyo kadi uliyoilipia inafanya kazi yake sawasawa ikiwa imechomekwa tu. Ukifanyia kazi uwanjani, au kwenye mji wenye mgao, hilo ni jambo la kulala nalo kabla ya kununua.

Kisha joto. Dar mwezi wa pili, chumba hakina kiyoyozi, feni ya laptopu inanguruma kama inataka kupaa, na vumbi linaingia pamoja na ule unyevu wa bahari. Mashine zenye kadi naziona mezani kwangu mapema kuliko zisizo nayo, na ukizifungua unakuta mapezi ya kupozea yamezibwa na kitu kama blanketi la kijivu. Kusafisha na kubadilisha pasta ya joto, ule uji unaopakwa juu ya chipu kupitisha joto, ni kazi ya kawaida, ifanywe kila mwaka. Chipu ikifa ni kazi nyingine kabisa. Haya hayawapati wa Kariakoo peke yao: Julai 2008 Nvidia walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zao za laptopu zilizokuwa zikiharibika kuliko kawaida, na 2015 Apple wakafungua mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro za 2011 mpaka 2013 zilizokuwa na matatizo ya picha. Chipu imechomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo ikifa mara nyingi inaondoka na mazabodi yake. Kuna mafundi watakaoipuliza joto ikafufuka. Wateja wao huniletea baada ya wiki chache. Kwa sababu hiyo, laptopu ya mtumba yenye kadi nanunua kwa kuijaribu tu. Sichukui kwa picha.

Dukani, kabla hela haijatoka mfukoni

Chomeka chaja yake yenyewe. Fungua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, iko kwenye flashi yangu na iweke kwenye yako. Itakuonyesha jina halisi la chipu, memori yake, na joto. Anzisha gemu au kazi yoyote nzito, iache robo saa ikiwa imewaka, usione aibu, muuzaji mzuri atakuletea kiti. Joto likipanda mpaka nyuzi 80 na kitu si ajabu. Ukiona limefika 87 au zaidi na kasi inaanza kushuka, au skrini inatoa vistari na madoa ya rangi, rudisha. Sikiliza feni zote mbili zinazunguka. Weka kiganja karibu na matundu ya nyuma: hewa itoke moto, na itoke kwa nguvu. Mashine iliyo moto ndani na inatoa hewa ya uvuguvugu imeziba.

Ukishafika nayo nyumbani kuna kitu kimoja cha kufanya, na wasiokifanya huja kulalamika kwamba kadi haifanyi kazi. Laptopu hizi zina grafiki mbili, ya ndani na ya kadi, na Windows ndiyo inayochagua ipi itumike, mara nyingi kwa kubana umeme. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, shuka mpaka sehemu ya grafiki, ongeza programu yako ya kuhariri au kurenda, uichagulie ile ya nguvu kubwa. Kisha rudi Performance uone GPU ya pili ikiamka.

Tofali likija kuharibika, nunua la wati zilezile. Chaja ya wati 90 yenye tundu linaloingia itawasha laptopu na utadhani mambo safi, ila mashine itajibana kimyakimya ili isiizidi chaja. Wapo wanaofika kaunta wanataka kuuza laptopu "imechoka" wakati kilichochoka ni chaja ya elfu thelathini waliyonunua barabarani. Kwa hiyo ukija kwangu na laptopu, njoo na chaja yake.